Uliza Mwalimu: Nani kasema hauziki?

Mwezi uliopita nilijibu barua kuhusu riba ya mkopo wa bodaboda na namna ya kugawa minazi ya urithi, nikadhani mwezi huu nitaendelea na hesabu zangu za kawaida. Wapi! Barua zote ni kura za maoni. Uchaguzi wenyewe ni Agosti 2027, lakini mabarazani watu wameshaapisha rais wao. Nimechukua barua sita. Za matusi nimeziacha kwenye droo.

*

*Shikamoo Mwalimu. Dada yangu ameolewa na Mkamba wa Mwingi, mtu mzuri sana, ila ana ugonjwa mmoja: Kalonzo. Kila Jumapili tukikutana kwa mama tunakula vizuri, kahawa ikija ugomvi unaanza. Mimi namwambia Kalonzo hauziki nje ya Ukambani, alijaribu 2007 akapata vijikura vya kuhesabu kwa vidole. Yeye anatoa simu, kura ya maoni hii, kura ya maoni ile. Jumapili iliyopita mama ametupiga marufuku kutaja siasa nyumbani kwake. Nani ana haki?*
*Msomaji wa Changamwe, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Mwenye haki ni mama. Sasa tuje kwenu nyinyi wawili.

Vidole vyako ni vingi. Mwaka 2007 Kalonzo Musyoka, akigombea urais, alipata kura 879,903, karibu asilimia 9. Hakushinda, alikuwa wa tatu. Lakini kwa hesabu iliyotangazwa, Kibaki alimpita Raila kwa kura 231,728 tu. Yaani huyo asiyeuzika alikuwa na kura karibu mara nne ya pengo lililoamua nani aingie Ikulu. Na Januari 2008, kabla vumbi halijatua, Kibaki alimteua kuwa makamu wa rais. Kwa hiyo siasa ina masoko mawili. Kuna soko la mpiga kura na kuna soko la vinara wenzako, na mtu anaweza kudoda katika la kwanza akapata bei nzuri katika la pili.

Usimhukumu mtu kwa kushindwa jana. Kibaki aligombea 1992 akawa wa tatu. Akagombea 1997 akawa wa pili. Ungekuwa Changamwe mwaka 2001 ungeapa kwamba mzee wa Othaya hauziki, na ungepata wa kukuunga mkono. Tarehe 14 Oktoba 2002 Raila akasimama Uhuru Park akasema "Kibaki tosha", na mwisho wa Desemba Kibaki alikuwa na asilimia 62 hivi. Aliapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya gari. Si kwamba Kibaki alibadilika akawa kijana mcheshi. Ni kwamba 1992 na 1997 kura za upinzani ukizijumlisha zilimzidi Moi, ila zilikuwa zimegawanywa kama mkate wa sadaka. Mwaka 2002 ziliwekwa kwenye sahani moja. Neno "tosha" ndilo lililokuwa letu Wakenya kwa jambo hili, kabla "kuuzika" halijatufikia kutoka kusini, na mimi nalipenda zaidi, maana linaacha swali wazi: anatosha kwa nini, na pamoja na nani?

Sasa shemeji naye asicheke. Katiba yetu, kifungu cha 138, inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Ukambani ni kaunti tatu: Machakos, Kitui na Makueni. Mwaka 2022 zilikuwa na wapiga kura walioandikishwa kama milioni 1.7, na nchi nzima ilikuwa na milioni 22.1. Asilimia 8 hivi. Mpe shemeji karatasi na kalamu, mwambie aandike majina ya kaunti nyingine 21 ambako mtu wake atapata robo, na kila moja aseme atazipata kwa msaada wa nani. Akimaliza, wewe nawe uandike za mtu wako. Nakuhakikishia kalamu zote mbili zitasita mahali, kwa kuwa hakuna mwanasiasa Kenya hii ambaye kwao peke yake kunamtosha.

Kuhusu hizo kura za maoni za kwenye simu yake, muulize swali moja kabla hujatazama namba: watu waliulizwa nini? Upinzani ukiwa unasema utatoa mgombea mmoja, kuna maswali mawili yasiyofanana hata kidogo. La kwanza ni "uchaguzi ukifanyika leo utampigia nani?", kisha msomewe majina sita au saba. La pili ni "wakibaki wawili tu, huyu na Ruto, utampigia yupi?" Mtu anaweza kupata asilimia 10 kwenye la kwanza na kukaribia nusu kwenye la pili, kwa sababu wale waliompenda mwingine hawana shida naye. Mwingine anapata 20 kwenye la kwanza na kubaki hapohapo, kwa kuwa wasiompenda hawamtaki hata kwa dawa. Ndiyo maana mimi swali ninalolitafuta ni la tatu, ambalo magazeti hayalipendi: "Nani hutampigia kamwe?" Hilo likichapishwa, soma hilo kwanza.

Na jambo la mwisho, halafu nikuache ukaombe msamaha kwa mama. Baba yangu alikuwa na duka la mchele Mwembe Tayari. Katika utoto wangu wote pale nilisikia "mchele wako huu hauuziki" mara nyingi kuliko salamu. Na kila mara aliyesema hivyo alikuwa mtu anayetaka kuununua. Wewe ukisikia kiongozi wa muungano fulani akimwambia mwenzake wa muungano huohuo kwamba hauziki, subiri. Bei itatajwa.

*

*Mwalimu, mwaka 2022 makampuni ya utafiti yalituambia Raila anashinda. Akashinda Ruto. Walihongwa? Na kama si hivyo, kwa nini tuendelee kuwasoma?*
*Msomaji wa Nakuru*

Tuweke namba mezani. Wiki ya mwisho kabla ya sheria kufunga matangazo, Infotrak ilimpa Raila 49 na Ruto 42. Ipsos ilimpa Raila 47 na Ruto 41. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza Ruto 50.49, Raila 48.85, na Mahakama ya Juu ikayapitisha matokeo tarehe 5 Septemba.

Tazama vizuri. Raila alipata karibu kilekile alichopimiwa! Kosa halikuwa kwake. Kosa lote lilikuwa kwa Ruto, aliyepata pointi nane au tisa zaidi. Zilitoka wapi? Jumlisha: 49 na 42 ni 91. Zinabaki 9. Kwa Ipsos zinabaki 12. Hao ndio waliosema hawajaamua, waliokataa kujibu, na wachache waliotaja wagombea wengine. Wagombea hao wengine, Wajackoyah na Mwaure, kwa pamoja hawakufikisha hata asilimia 1. Basi wale wanyamavu hawakuwa hewa. Walikuwa watu, na wengi wao walikuwa na upande.

Sisi wasomaji tulifanya nini? Tuliwagawa nusu kwa nusu kichwani mwetu, au tuliwafuta kabisa, tukabaki na pengo la pointi sita saba. Lakini aliyenyamaza ana sababu, na sababu hiyo huwa inaelemea upande mmoja. Mwaka ule rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta, alikuwa anamuunga mkono Raila. Mtu wa Mlima Kenya aliyeamua kwenda kinyume na rais wake, tena mtoto wa kwao, akapigiwa simu na sauti asiyoijua ikimuuliza kura yake, alikuwa na kila sababu ya kusema "bado naomba Mungu". Hayo ni maoni yangu, mzee wa Kisauni, lakini nasimama nayo.

Halafu kuna jambo ambalo wenzangu wa Mombasa hawatalipenda. Hapa kwetu Raila alishinda. Tungeulizwa Julai, na tuliulizwa, tulijibu kwa kishindo. Siku yenyewe hatukufika hata nusu ya tulioandikishwa. Ni kweli uchaguzi wetu wa gavana uliahirishwa siku moja kabla kwa sababu ya karatasi za kura zilizokosewa, na hilo liliwakatisha tamaa wengi. Hata hivyo. Nilifika kituoni mchana baada ya adhuhuri na nilikuwa mtu wa nne kwenye foleni. Karani alikuwa anakula mahamri kwa utulivu kama yuko harusini. Nje ya geti vijana wa mtaani, walioniimbia nyimbo za mgombea wiki nzima, walikuwa wanacheza karata. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kuna watu ndani?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi nitaenda baadaye." Mtafiti huuliza mdomo. Hana namna ya kuuliza miguu.

Kuhusu hongo, mimi sina ushahidi na wewe huna. Ila tangu 2012 tuna sheria ya kuchapisha kura za maoni za uchaguzi. Inataka chombo cha habari kieleze nani alifanya utafiti, nani alilipa, lini, watu wangapi, kwa njia gani, waliulizwa nini na kiwango cha makosa ni kipi. Pia inakataza kutangaza katika siku tano za mwisho. Magazeti mengi huweka picha kubwa ya mgombea, namba nyekundu, na hayo mengine huyatia kwenye mistari midogo ya chini ambayo mimi husoma kwa miwani miwili. Nunua miwani. "Nani alilipa" ndiyo habari yenyewe.

Na kiwango cha makosa? Ukihoji watu 2,000 waliochaguliwa vizuri, ni kama pointi 2.2 juu au chini. Wengi hawajui kwamba hiyo ni ya namba moja moja. Pengo kati ya wagombea wawili lina kiwango chake, karibu mara mbili: pointi 4 hivi. Mtu akiongoza kwa 2, hajaongoza.

Tulilipa ghali kutojua hilo. Kura ya maoni ya mwisho ya kampuni ya utafiti ya Steadman, Desemba 2007, ilikuwa Raila 45, Kibaki 43, Kalonzo 10. Pengo la mbili. Ndani ya vichwa vya watu, mbili hiyo ilikuwa ushindi uliokwishathibitishwa, ikisubiri kusomwa tu. Sisemi kura zilihesabiwa sawa. Tume ya Kriegler yenyewe, iliyochunguza uchaguzi ule, ilisema hakuna njia ya kujua nani alishinda. Nasema wale waliobeba gazeti kama ushahidi walibeba kitu kisichokuwa ushahidi, cha upande wowote. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika majuma yaliyofuata.

Tena hicho kiwango cha makosa kinapima bahati tu, hakipimi kifaa. Narudi dukani kwa baba. Alikuwa na bambo la chuma, limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Gunia likija, analichoma ubavuni, punje zinateremka kiganjani, anazitazama, anatafuna mbili, anataja bei. Hahitaji kufungua gunia. Siku moja alikuja mtu na magunia thelathini, baba akachoma matano, mchele mweupe kama lulu. Akanunua. Kesho yake tulipofungua, katikati ya kila gunia mlikuwa na chenga na vumbi. Yule bwana alijua urefu wa bambo la baba! Alipanga mchele mzuri pembeni, kina cha shubiri moja. Baba hakukosea kuhesabu. Angechoma magunia yote thelathini angepata jibu lilelile, na angelipata kwa uhakika zaidi. Tangu hapo alitumia bambo refu.

Simu ni bambo fupi. Inamfikia mwenye simu, yenye chaji, penye mtandao, aliye na dakika ishirini na asiyeogopa namba ngeni. Makampuni yanajua, na hurekebisha kwa hesabu ili wanawake, wazee na watu wa mashambani wapate uzito wao. Lakini huwezi kurekebisha punje ambayo hukuifikia.

*

*Mwalimu wetu wa Mombasa, sisi wa Tanga tunawashangaa. Kwetu kura za maoni ni zile za ndani ya chama, za kupata mgombea. Ninyi mnaita hivyo utafiti wa simu, na tena mnaita hivyo kura ya kupitisha katiba. Mnaelewana? Na hilo neno kuuzika mlilotuchukulia, mnajua lilitufanya nini 2015?*
*Msomaji wa Tanga*

Hatuelewani, ndugu yangu, ila tumezoea. Mwaka 2005 tulipiga kura ya maoni, Chungwa (Hapana) likaishinda Ndizi (Ndiyo), katiba ikakataliwa. Tarehe 4 Agosti 2010 tukapiga nyingine, tukapitisha hii tuliyonayo kwa asilimia kama 67. Na katikati tulikuwa tunasoma "kura ya maoni yaonyesha" kila wiki. Mtoto wa shule akiniuliza tofauti, namwambia moja inabadilisha sheria na nyingine inabadilisha gumzo.

2015 yenu niliifuata kwa redio. Julai CCM ilimkata Edward Lowassa kule Dodoma, na mwisho wa mwezi huohuo akahamia CHADEMA. Hoja ilikuwa ileile: huyu anauzika. Dokta Slaa, aliyekibeba chama hicho 2010 akigombea urais, akajiondoa. Septemba ikaja Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa shirika la Twaweza: Magufuli wa CCM 65, Lowassa 25. Ipsos nao wakasema 62 kwa 31. Vijiwe vya upinzani vikawaka, wanasema utafiti umepikwa. Matokeo: Magufuli 58.46, Lowassa 39.97.

Nani alishinda ule ubishi? Mimi naona wote. Lowassa alipata kura 6,072,848. Slaa miaka mitano nyuma alikuwa amepata milioni 2.27. Hata ukikumbuka kwamba 2015 alikuwa mgombea wa Ukawa nzima, muungano wa upinzani, na waliojitokeza walikuwa wengi zaidi, mtu hawezi kusema mzee yule hakuuzika. Na wasomaji wa tafiti nao hawakudanganywa kuhusu nani ataongoza, ingawa walipunjwa kuhusu pengo: 40 kwa 25 ni tofauti kubwa mno, na pengine baadhi ya watu walikuwa hawasemi.

Lakini kwangu somo kubwa liko mwaka mmoja nyuma zaidi. Mwishoni mwa 2014 utafiti huohuo wa Twaweza uliuliza watu wangependa nani awe rais. Walioongoza walikuwa Lowassa na Pinda, na kila mmoja hakufika hata 15. Magufuli alitajwa na wachache mno. Miezi kumi na mbili baadaye alikuwa rais. Watu hawakuwa wamemgundua ghafla. Chama kilimweka jina lake kwenye karatasi, basi. Ndiyo maana mimi utafiti wa kabla ya uteuzi nausoma kama orodha ya majina yanayotajwa redioni.

Niwasifu Twaweza kwa kitu kimoja. Bambo lao lilikuwa refu kidogo: walichagua kaya kwanza, kwa kwenda wenyewe, kisha wakazipa simu na chaja ya jua ili waweze kuzipigia. Huko Nairobi nilimsikia mtaalamu mmoja akilicheka jambo hilo. Mimi sikucheka.

*

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi Lamu. Sijawahi kuulizwa, babu hajaulizwa, mtaa mzima hatujaulizwa. Watu 2,000 wanasemeaje milioni 22?*

Usikasirike, ni foleni tu. Elfu mbili kati ya milioni 22.1 ni mtu mmoja katika kila 11,000 hivi. Ukifanyika utafiti wa namna hiyo kila mwezi, kila mara watu wapya, zamu ya mtaa wenu wote itakuwa imepita baada ya miaka 900. Msalimie babu.

Na 2,000 wanatosha kwa nchi, wakichaguliwa kwa haki. Hawatoshi kwa Lamu. Kaunti yenu mwaka 2022 ilikuwa na wapiga kura karibu 81,000, kwa hiyo katika 2,000 fungu lenu ni watu saba. Saba! Ukiona mtu amechora ramani akaandika "Lamu asilimia 57 wanamtaka fulani", ujue ni wanne kati ya saba, na yawezekana watatu wao ni wa nyumba za jirani.

*

*Mwalimu, maneno mengi. Wewe utampigia nani?*
*Msomaji wa Malindi*

Mke wangu anauliza hivyo tangu 1992, na bado ananipikia. Endelea kusubiri pamoja naye.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mwezi jana nilipigiwa simu ya utafiti wa siasa. Mume wangu alikuwa ameketi kando na simu yetu spika yake imeharibika, inasikika hadi jikoni. Nilipoulizwa nitampigia nani nikataja mgombea wake yeye. Si ukweli. Yule binti wa simu alikuwa na adabu sana na mimi nimemdanganya. Nimeharibu hesabu za nchi?*
*Mama wa Voi*

Marahaba mama. Hujaharibu kitu. Kura yako ni ile utakayoitia sandukuni, peke yako, na yule binti anajua kuna wengi kama wewe. Wanafundishwa siku ya kwanza. Mimi pia nilifundishwa.

Desemba 2012, shule zimefungwa, kampuni moja ya Nairobi ilituajiri walimu kadhaa wa Pwani kuwa wadadisi. Nilipelekwa Msambweni. Kazi ilikuwa na amri kama za dini: anzia shuleni, geuka kulia, hesabu nyumba, ingia ya tano. Andika majina ya watu wazima wote wa nyumba hiyo, kisha jedwali likuchagulie mmoja. Humchagui wewe, na nyumba haimchagui.

Nyumba moja jedwali likamwangukia mkaza mwana, msichana wa miaka ishirini na kitu. Mama mkwe akasema, "Huyo hajui siasa. Andika mimi." Nikasema samahani mama, jedwali. Basi akaletwa, akaketi juu ya mbuzi, akaendelea kukuna nazi huku namuuliza. Baba mkwe alikuwa kwenye mkeka hatua tatu kutoka pale, anamenya mihogo, kisu kinakwenda polepole. Maswali ya bei ya unga na maji alijibu vizuri, kwa sauti. Tulipofika kwenye swali lenyewe, mbuzi akanyamaza. Kisu nacho kikanyamaza. Akasema, "Nitampigia anayepigiwa na baba." Nikamwambia nahitaji jina. Akalitaja akiitazama nazi. Mzee akasema, "Haya, andika hilo." Nikaandika, nikafunga dodoso, nikalitia kwenye bahasha. Amri nyingine ile: likishafungwa, halifunguliwi.

Akatumwa anionyeshe njia ya mkato, maana alikuwa anaelekea kisimani. Tulikwenda kimya mpaka kwenye mwembe ambapo nyumba haionekani tena. Akasimama, akatua ndoo.

"Mwalimu, lile jina umeliandika kwa wino au kwa penseli?"

"Kwa wino."

Akaifunga kanga upya, akaichukua ndoo.

"Basi," akasema, akashika njia ya kisimani. Mimi nikageuka kulia, nikahesabu nyumba tano.